Landilodi hakwenda likizo ya uzazi: barua ya wazi kwa wakuu wangu wa kazi

Nairobi,
17 Novemba 2025.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Wanachama wa Bodi,
na Meneja wa Idara ya Wafanyakazi.

Mabibi na mabwana,

KUH: MSHAHARA WANGU WA LIKIZO YA UZAZI, JUNI HADI AGOSTI 2025

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mfanyakazi wenu, huu ni mwaka wa sita, kaunta ya mauzo, tawi la katikati ya jiji. Jina langu na nambari yangu ya kazi mnavyo kwenye faili, na faili lenyewe limenenepa mwaka huu. Lina barua pepe ya tarehe 30 Juni, nyingine ya 14 Julai, barua niliyomkabidhi meneja wa tawi mkononi mwezi wa Agosti, na fomu ya malalamiko niliyojaza siku tatu baada ya kurudi kazini. Barua pepe ya kwanza ilijibiwa kwa neno moja, "Tunalifuatilia." Ya pili haikujibiwa. Meneja wa tawi alisema aliipeleka juu. Fomu nayo naambiwa haionekani.

Mara moja nilikuja makao makuu mwenyewe. Mtoto alikuwa na wiki sita, nimempakata. Nilikaa mapokezi kuanzia saa nne hadi saa saba kasoro, kando ya mtungi wa maji ya kunywa, kisha nikaonana na ofisa kwa dakika zisizozidi tano, tena nikiwa nimesimama. Akaniambia, "Mama, wewe shukuru una kazi. Wenzako wanaitafuta." Nikashukuru, nikapanda matatu, nikarudi Umoja. Nauli ya siku hiyo niliitoa kwenye pesa ya maziwa.

Ndiyo sababu leo naandika mbele za watu. Jina la kampuni nimeliacha nje kwa makusudi. Ninyi mtajijua, na nadhani si ninyi peke yenu mtakaojiona humu.

Niweke hesabu mezani kwanza, maana mambo ya pesa yakisemwa kwa mafumbo hayaishi. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 28,000. Marupurupu ya nyumba ni 8,000 na ya usafiri 5,000. Jumla ni 41,000 kabla ya makato. Kuna na kamisheni, ambayo hupanda na kushuka kulingana na mauzo. Hiyo siidai, sikuuza hata kijiko miezi ile, na haki ni haki. Nilikuwa likizo kuanzia tarehe 2 Juni hadi 1 Septemba. Mwezi wa kwanza mlinilipa 28,000. Wa pili 28,000. Wa tatu 28,000.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa mfanyakazi wa kike likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Sikuisoma kwa wakili. Niliisoma kwenye simu usiku nikinyonyesha, na nikaisoma tena asubuhi nikidhani usingizi ulinidanganya.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Marupurupu ya nyumba yalikatwa kwa miezi mitatu.

Kifungu cha 31 cha sheria hiyohiyo kinasema mwajiri, wakati wote, ampe mfanyakazi wake makazi ya kuridhisha kwa gharama yake mwajiri, au amlipe pesa za kutosha za kodi juu ya mshahara. Wakati wote. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba saa hizo zinasimama mtu akijifungua.

Kodi ya nyumba yetu ni 13,000, chumba kimoja cha kulala. Landilodi wangu hakwenda likizo ya uzazi. Keateka, msimamizi wa jengo letu, aligonga mlango tarehe 6 Julai kama anavyogonga tarehe 6 ya kila mwezi. Tofauti ni kwamba safari hii alinikuta ndani, mtoto wa wiki nne kifuani, na hakujua aangalie wapi. Alisema, "Mama, mimi natumwa tu." Tukaelewana nimpe 6,000 siku ile na zilizobaki kabla ya tarehe 20. Sikuzipata kabla ya tarehe 20.

Mgao wa nyumbani kwetu ni wa miaka mingi. Mume wangu ni fundi wa magari Barabara ya Kirinyaga, na kazi yake mnaijua ilivyo: kuna siku ina magari matatu, na kuna wiki nzima ya kufunga mkono. Kwa hiyo yeye hushika chakula na mahitaji ya shule ya mkubwa wetu, vitu vinavyoweza kuongezwa leo na kupunguzwa kesho. Mimi, mwenye mshahara wa mwezi, hushika kodi, stima, maji na gesi, ambavyo havibembelezwi. Tulipanga hivyo kwa kuitegemea ile hati yenu ya mshahara. Mlipoitoa 8,000, nguzo iliyoanguka ndiyo ileile iliyokuwa imeegemewa.

2. Mshahara ulipungua, makato yakabaki palepale.

Hapa ndipo nataka mkae nami kidogo, kwa sababu sidhani kuna mtu ofisini kwenu aliyepiga hesabu hii hadi mwisho.

Kwenye 28,000 ya Juni mlitoa SHA (bima ya afya) 770, ushuru wa nyumba 420, NSSF (akiba ya uzeeni) 1,680 na kodi ya mapato 282.50. Hayo ni ya serikali na sina ugomvi nayo. Kisha mkatoa 11,600 za sako, mkopo na akiba pamoja. Kisha 4,500, kipande cha kwanza cha advansi niliyochukua kwenu mwezi wa Mei ili ninunue vitu vya mtoto. Kilichoingia benki ni shilingi 8,747.50.

Mngelipa 41,000, makato ya serikali yangepanda, ya sako na advansi yangebaki yaleyale, nami ningebaki na kama 17,275. Yaani mlipunguza mshahara kwa chini ya thuluthi, na mkononi mwangu ukapungua nusu. Mwenye mkopo anaelewa jambo hili mara moja: kinachokatwa hutoka kwenye kile kidogo ambacho mtu hula. Na mtaona wenyewe kwamba 8,747.50 haifikii hata kodi ya nyumba. Niliajiriwa, niko kwenye likizo iliyo halali, na siwezi kulipia paa.

Sheria nayo ina neno hapa. Kifungu cha 19 kinasema makato yote kwa pamoja yasizidi thuluthi mbili za mshahara. Thuluthi mbili za 28,000 ni 18,667. Ninyi mlikata 19,252.50. Mmepita mpaka kwa shilingi 586. Ni pesa ndogo, mtasema. Kwangu ni nepi ishirini na tatu.

Najua ni ishirini na tatu kwa sababu nilizinunua moja moja. Pakiti nzima ni nafuu ukigawanya, hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua, lakini pakiti inataka pesa nzima, na aliye na shilingi hamsini hununua za hamsini. Kijana wa kioski alikuwa ananyoosha mkono ndani ya pakiti iliyoning'inia msumarini, anachomoa mbili, moja ya usiku na moja ya dharura, ananipa bila mfuko. Mchana mtoto alivaa za kitambaa. Hapo nilijiona mjanja hadi nilipofungua daftari mwisho wa Julai. Nepi za kitambaa zinafuliwa, na Umoja maji ya mfereji huja siku yanayotaka. Tulikuwa tunanunua mitungi miwili ya lita ishirini kwa siku, sasa ikawa minne. Niliyookoa kioskini nilimpa mwenye mkokoteni wa maji, ikabaki kama shilingi mia tatu hivi kwa mwezi, na mikono iliyochubuka.

Hilo daftari ninalo bado. Lina kurasa 48 na jalada la buluu, na mkubwa wangu amechora jogoo nyuma yake. Ukurasa wa Julai una mistari ambayo naweza kuisoma bila kuangalia: tokeni za stima mara sita, mia mia, kwa sababu sikuwahi kuwa na mia tano kwa pamoja. Chama chetu cha kuchangiana, mistari minne imekatwa. Wenzangu walinivumilia wiki mbili, ya tatu wakanisogeza mwisho wa foleni ya mzunguko, na siwalaumu. Fuliza, Fuliza, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaojikata wenyewe pesa ikiingia. Nilianza kwa 300 ya gesi. Kufikia katikati ya mwezi, dada yangu akinitumia elfu moja kutoka Mombasa, mia saba zinamezwa kabla sijasoma ujumbe wake wa kunitakia heri.

Mama mkwe alikuja kutoka Murang'a na gorogoro mbili za njahi, mkungu wa ndizi na kuku, kama desturi inavyotaka kwa mzazi. Njahi si chakula cha gesi ya kilo sita. Ilibidi aziinjike kwenye jiko la makaa nje ya mlango, jambo ambalo jengo letu linakataza, na keateka akapita akajifanya hakuona. Nadhani alikuwa ananihurumia kwa ile tarehe 6. Mama mkwe hakuniuliza mshahara uko wapi. Aliacha elfu mbili chini ya mto wa mtoto na akaondoka alfajiri.

Kwa kujifungua kwenyewe sikuumia sana, niseme ukweli. Hospitali ilikuwa ya umma, uzazi wa kawaida, na SHA hulipia uzazi wa namna hiyo shilingi 10,000. Wa upasuaji hulipiwa 30,000. Kilichotuumiza kilikuja baadaye, polepole, kwa vijisenti.

Niliwaandikia tarehe 14 Julai nikiomba jambo moja dogo: msimamishe makato ya advansi hadi nirudi kazini. Advansi ni pesa yenu wenyewe, mnaweza kuisogeza bila kumuuliza mtu. Sako, ambao hawaniajiri, niliwaandikia barua ya ukurasa mmoja wakakubali nilipe riba peke yake mwezi wa Agosti. Kutoka kwenu bado nasubiri jibu.

3. Marupurupu ya usafiri nayo yalikatwa.

Ofisa wenu alinieleza kwamba sikusafiri kuja kazini, basi nauli ya nini. Hoja hii inasikika vizuri hadi ukumbuke kwamba Desemba iliyopita nilikuwa kwenye likizo ya mwaka, sikupanda matatu hata moja kuja kwenu, na zile 5,000 zililipwa. Mwenzangu wa kiume kaunta ya pili alipata mtoto mwezi wa Machi, akachukua zile wiki mbili za likizo ya baba, na hati yake ya mshahara haikupungua hata senti. Nafurahi kwa ajili yake. Lakini basi nielezeni ni likizo ipi inayokata nauli na ipi isiyokata, na kwa nini inayokata ni ya wanawake peke yao.

4. Siku zangu 21 za likizo ya mwaka zimefutwa.

Mfumo wenu unaonyesha sifuri. Kifungu cha 29 kinasema mwanamke hapotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu alichukua ya uzazi. Naomba zirudishwe.

5. Sina mahali pa kukamulia maziwa.

Hili linaweza kuonekana liko mbali na mshahara. Halipo mbali. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka kila mwajiri atenge mahali pa akina mama kunyonyesha au kukamua maziwa, na inampa mama muda wa kufanya hivyo, usiozidi saa moja kwa jumla katika kazi ya saa nane. Kwenye tawi letu mimi hukamua stoo, nyuma ya makatoni ya friji, nimeketi juu ya mzani wa zamani. Mlango haufungiki kwa ndani. Wapakiaji wamejifunza kubisha na kuimba kidogo kabla ya kuingia, Mungu awabariki, ila mwili wa mama hautoi maziwa ukiwa umekazwa hivyo. Kufikia Oktoba maziwa yalikuwa yamepungua, na muuguzi wa kliniki akasema tuongezee ya mkebe. Mkebe wa gramu 400 ni zaidi ya shilingi elfu moja na haumalizi wiki. Chumba chenye kiti, soketi na komeo kingewagharimu kiasi gani? Mimi najua kukikosa kunanigharimu kiasi gani, kimeandikwa kwenye daftari.

Sasa nizungumzie majibu yenu, kwa maana mengine nimeyasikia na mengine nayahisi yakija.

Mtasema kwamba "mshahara kamili" maana yake ni mshahara wa msingi. Hili nililichukulia kwa uzito, na nadhani najua lilikotoka. Kifungu cha 30, kinachohusu likizo ya ugonjwa, kina maelezo kwamba mshahara kamili unajumuisha mshahara kwa kiwango cha msingi. Lakini maelezo hayo yenyewe yanasema ni kwa ajili ya vifungu vidogo vya hapohapo, vya ugonjwa. Mimi sikuwa mgonjwa. Isitoshe neno lililotumika ni "unajumuisha", na kujumuisha kitu hakumaanishi kufukuza vingine. Na hata tukikubaliana nanyi kwa dakika moja kwamba mshahara ni ule wa msingi peke yake, kifungu cha 31 bado kinasimama kivyake, na pesa ya nyumba kimeiweka juu ya mshahara. Ukichagua njia yoyote kati ya hizo mbili, zile 8,000 ni zangu.

Mtasema nilisaini. Ni kweli. Fomu ya likizo ina mstari chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko za tarehe, kwamba marupurupu hayatalipwa. Nilisaini nikiwa na tumbo la wiki 38, nikiwa nimeambiwa kwamba bila saini likizo haiingizwi kwenye mfumo. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ajira kinasema masharti yake ndiyo kima cha chini, na makubaliano yoyote ya kuyaacha au kuyapunguza ni batili. Kwa hiyo ule mstari, hata ningeusaini mara kumi, hauna nguvu. Ninawashauri muuondoe kabla mwingine hajauleta mbele ya hakimu.

Mtasema biashara ni ngumu. Hapa nina huruma nanyi zaidi ya mnavyodhani. Mimi ndiye nasimama kaunta. Naona watu wakishika friji, wakisoma bei, wakiuliza lipa pole pole, wakiondoka. Najua pia kwamba mlimlipa kijana wa muda kushika nafasi yangu. Kenya imembebesha mwajiri mzigo wote wa mshahara wa likizo ya uzazi peke yake, na kwa kampuni ya kadiri yetu huo ni mzigo kweli. Rwanda walilitazama jambo hili wakatunga sheria mwaka 2016: mwajiri huchangia asilimia 0.3 ya mshahara, mfanyakazi naye 0.3, na mfuko huo ndio husaidia kumlipa mama akiwa nyumbani. Kwenye 41,000 yangu hiyo ni kama shilingi 123 kwa mwezi, na ningeilipa kwa furaha, hata miaka ambayo sizai. Tanzania nao mama hupewa siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hifadhi ya jamii ina fao lake la uzazi. Lipelekeni suala hili kwa Shirikisho la Waajiri, lipelekeni bungeni, na mkihitaji mfanyakazi wa kusimama nanyi mbele ya kamati, mniite. Lakini hadi siku hiyo sheria ni hii tuliyo nayo, na hamwezi kuirekebisha kimyakimya kwa kuanzia kwenye hati yangu ya mshahara.

Na mtasema hakuna mwingine aliyelalamika. Tuko wanawake kumi na wanne tawini. Wanne wamejifungua tangu niajiriwe. Mmoja alirudi kazini mtoto akiwa na wiki saba, na sote tulimsifu kwa bidii yake. Juzi tu ndipo aliponiambia kwamba haikuwa bidii. Alifukuzwa nyumba.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa heshima na bila kuzungukazunguka:

1. Mnilipe shilingi 39,000, yaani 24,000 za nyumba na 15,000 za usafiri kwa miezi mitatu, kabla ya tarehe 15 Desemba 2025. Dawa ya deni ni kulipa, na hili nalidai kabla shule hazijafunguliwa Januari.

2. Hati zangu za mshahara za Juni, Julai na Agosti zirekebishwe, na michango ya NSSF ya miezi hiyo ipelekwe kwa kiwango cha mshahara kamili. Uzee wangu nao ulikatwa pale, ingawa kwa shilingi chache.

3. Siku 21 zirudishwe kwenye mfumo.

4. Akina mama wote wanne tawini, na wa matawi mengine, wahesabiwe upya kama mimi. Sitaki nilipwe kwa siri ili ninyamaze. Mkinipa bahasha, nitaitangaza.

5. Mama akiwa likizo ya uzazi, advansi ya kampuni isikatwe hadi arudi, na apewe karatasi mwezi mmoja kabla ya kuondoka inayoonyesha kwa tarakimu kitakachoingia benki kila mwezi. Hili ndilo ningelipenda kuliko yote. Ningejua mapema kwamba nitapata 8,747.50, nisingechukua ile advansi, ningeongea na sako mwezi wa Aprili, na pengine tungehamia chumba cha kodi ya chini zaidi kabla tumbo halijawa kubwa. Mtu anaweza kupanga na kidogo. Hawezi kupanga na asichokijua.

6. Kwenye kila tawi kuwe na chumba kidogo chenye kiti, soketi na komeo la ndani.

Natarajia kuna mtu atakayeshauri kwamba nihamishwe tawi, au mkataba wangu utazamwe upya. Kifungu cha 46 kinasema kumlalamikia mwajiri kwa msingi wa kweli si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Ikifika tarehe 15 Desemba bila jibu la maandishi, nitaenda kwa afisa wa leba, na huko nikikwama, mahakama ya leba. Sipendi kufika huko. Miaka sita ni mingi, na wateja wangu wengine wananijua kwa jina.

Kwa sasa niko kazini kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, kaunta ya kwanza mkono wa kulia. Saa tano na saa tisa nitakuwa stoo kwa dakika ishirini. Tafadhali bisheni.

Wenu mwaminifu,

Mama wa watoto wawili,
kaunta ya mauzo,
Umoja, Nairobi.